Mvinyo wa nyumbani: Chupa sita zatosha kuanzia

KATIKA sebule nyingi za Wakenya wa tabaka la kati pana kabati ya vioo, na ndani ya kabati hiyo, kando ya sahani za wageni na picha ya mahafali, mna chupa moja ya mvinyo ambayo haijawahi kufunguliwa. Aghalabu huwa ni zawadi ya harusi au ya kupandishwa cheo kazini. Imewekwa pale ikingojea siku kuu isiyojulikana itafika lini, na kila mwaka unapopita wenye nyumba huamini kwamba thamani yake inaongezeka.

Mambo huwa kinyume. Sehemu kubwa mno ya mvinyo unaouzwa madukani hutengenezwa ili unywewe ungali mchanga, katika muda wa miaka michache tangu kutiwa chupani. Ni aina chache tu, nazo ni ghali, zinazonufaika kwa kuhifadhiwa muongo mmoja au zaidi, tena katika giza na ubaridi usiobadilika. Chupa ya kawaida iliyokaa miaka kumi mbele ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri haikukomaa bali imeoza. Mwenyeji atakayeizibua mbele ya wakwe zake siku ya mahari atawamiminia kitu chenye rangi ya kahawia na harufu ya siki, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa zawadi ya thamani.

Hili ndilo la kwanza kuzingatiwa na yeyote anayetaka kuwa na akiba ndogo ya mvinyo nyumbani. Mvinyo ni kitu cha mezani, si pambo wala rasilimali ya kuwekeza. Anayeanza hahitaji chumba cha chini ya ardhi wala rafu ya chupa ishirini. Chupa sita zilizochaguliwa kwa kufuata vyakula vinavyopikwa nyumbani humo na watu wanaoketi mezani zatosha, mradi ziwe za kunywewa na kununuliwa nyingine.

Ili kuchagua vyema, yafaa kufahamu kwa ufupi mvinyo ni nini. Ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira hula sukari iliyomo na kuigeuza kuwa kileo na gesi. Hamira ikiachwa imalize sukari yote, hupatikana mvinyo uitwao mkavu, yaani usiokuwa na utamu. Ikikatizwa mapema, utamu hubaki. Rangi nyekundu hutoka katika maganda, kwa kuwa maji ya takriban zabibu zote, hata zile nyeusi, hayana rangi. Maganda na kokwa huleta pia tanini, ile dutu inayokausha ulimi na ufizi mithili ya chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kwa muda mrefu. Waswahili wana neno lake: ukakasi. Mvinyo mweupe hutengenezwa bila maganda, hivyo hauna ukakasi wa kutajika. Nguvu yake imo katika uchachu, kama wa limau.

Mtu aliyezoea soda na sharubati anapoonja mvinyo mwekundu mkavu kwa mara ya kwanza, hukunja uso. Hana kosa lolote. Ulimi wake unakutana na ukakasi na uchachu pasipo sukari ya kuvipunguza makali. Kumpa mtu huyo Cabernet Sauvignon nzito kabla ya chakula, kisha kumwambia kwamba asipoipenda hajastaarabika, ni ukatili mdogo unaotendwa katika karamu nyingi jijini Nairobi.

Mivinyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya Kenya ni ya Afrika Kusini, ambako Mholanzi Jan van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zilikamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1659. Ya Chile, Uhispania, Italia na Ufaransa pia hupatikana. Lakini kwa anayeanza, ile ya Afrika Kusini ina faida ya wazi: husafiri masafa mafupi kuliko ile ya Ulaya au Amerika Kusini, vibandiko vyake vimeandikwa kwa Kiingereza na hutaja jina la zabibu iliyotumika. Chini ya utaratibu wa nchi hiyo ulioanza kutumika mwaka 1973, kibandiko kikitaja aina moja ya zabibu, asilimia 85 ya mvinyo huo sharti iwe ya zabibu hiyo. Kikitaja eneo la asili, zabibu zote sharti ziwe zimetoka huko.

Chupa ya kwanza katika zile sita iwe Chenin Blanc kavu. Ndiyo zabibu inayopandwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini, na kwa sababu ya wingi huo, bei yake huwa nafuu hata pale ubora unapokuwa mzuri. Ladha yake ni ya tofaa na pera, uchachu wake ni wa wastani, na haigombani na chakula chochote: kuku wa kienyeji, samaki wa kupaka mwenye tui la nazi, hata viazi karai. Ikiwa mtu atanunua chupa moja tu badala ya sita, basi na iwe hii.

Ya pili ni Sauvignon Blanc, ambayo ni kali zaidi na yenye harufu ya majani mabichi, limau na pasheni. Hii ndiyo ya samaki wa kukaanga kutoka Ziwa Victoria, ya kachumbari na hata ya sukuma wiki, kwani chakula chenye limau au uchungu wa mboga huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane butu. Mpishi anayekamulia samaki limau anafanya kazi ile ile ambayo mvinyo huu hufanya.

Ya tatu, Merlot, ni nyekundu yenye ukakasi mpole. Huwafaa wageni wanaosema hawapendi mvinyo mwekundu, na hufaa pia kwa mchuzi wa ng'ombe, pilau na maharagwe.

Ya nne ni nyekundu nzito kwa ajili ya nyama choma. Hapa mnunuzi anaweza kuchagua Cabernet Sauvignon, Shiraz au Pinotage. Ya mwisho ina historia ya kuvutia. Mwaka 1925, Profesa Abraham Izak Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichavusha ua la Pinot Noir, zabibu ya Kifaransa isiyopenda kusumbuliwa, kwa chavua ya Cinsaut, zabibu ngumu inayostahimili joto, ambayo wakulima wa Rasi waliiita Hermitage wakati huo. Kutokana na mbegu hizo ilizaliwa Pinotage, ambayo ikitengenezwa vyema hutoa ladha ya matunda meusi na kijiharufu cha moshi. Mafuta na chumvi ya mbuzi wa kuchoma hupunguza ukakasi, nao ukakasi huosha mafuta kinywani. Ndiyo maana mvinyo ulioonekana mkali kabla ya mlo hugeuka kuwa mpole mara tu nyama ya kwanza inapotafunwa.

Onyo moja lastahili hapa. Pilipili huzidisha ukali wa kileo na ukakasi. Mwenye kuandaa biriani ya pilipili au nyama yenye pilipili mbuzi asiihudumie pamoja na nyekundu nzito. Wageni watahisi kama wamemeza moto. Chakula cha namna hiyo chataka mvinyo mweupe, baridi, wenye utamu kidogo.

Chupa ya tano ni ya mvinyo wenye mapovu, kwa maana kila nyumba hupata habari njema mara moja moja. Jina Champagne limehifadhiwa kwa mvinyo wa mkoa wa Champagne nchini Ufaransa, na bei yake si ya wengi. Afrika Kusini hutengeneza wa kwake kwa mbinu hiyo hiyo ya kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa, na huuita Cap Classique. Wa kwanza uliotengenezwa huko kwa njia hiyo ulikuwa wa mwaka 1971. Anayeuona jina hilo kwenye kibandiko ana hakika kwamba mapovu hayakutiwa kwa mtambo kama ya soda.

Ya sita ni tamu. Wajuzi wa mvinyo hupenda kuwacheka wanaokunywa mvinyo mtamu, nacho ni kicheko kisicho na msingi. Katika karne ya 18 na ya 19, mvinyo mtamu wa Constantia, karibu na Cape Town, ulikuwa ukitafutwa na wafalme wa Ulaya, na Napoleon aliletewa huo alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha St Helena. Mama mkwe anayependa kitu kitamu ana haki ya kukipata bila kuhubiriwa. Lililo muhimu ni kwamba chupa hiyo iwe ya zabibu kweli. Si kila kinachoitwa mvinyo madukani kimetokana na zabibu tupu. Vingine ni vya matunda mengine, na vingine vimeongezewa spiriti hadi kileo kikafika asilimia 16 au zaidi. Kuvinywa si dhambi, ila mnunuzi ajue anachokinunua, asije akamimina glasi kubwa ya asilimia 18 akidhani ni ya asilimia 12. Yote hayo huwa yameandikwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo.

Mwenye kuipenda Afrika Mashariki anaweza kubadilisha moja ya chupa hizo kwa ya nyumbani. Karibu na Naivasha hulimwa mizabibu inayotoa mvinyo wa Leleshwa, jina la kichaka kinachoota kwa wingi katika Bonde la Ufa. Tanzania ina mashamba makubwa zaidi, huko Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu kwa asili ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi, wakati ambapo hupukutisha majani na kulala. Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huulazimisha kupumzika kwa kuupogoa. Ni kazi ngumu, na anayeonja mvinyo huo yampasa kuupima kwa hilo pia.

Swali linaloulizwa sana ni la bei. Je, chupa ghali ndiyo bora? Si lazima, lakini ile rahisi kabisa mara nyingi ndiyo hasara kubwa zaidi. Sababu ni hesabu tu. Kioo, kizibo, katoni, meli na lori hugharimu takriban sawa, chupa iwe na mvinyo mzuri au mbaya. Ushuru wa bidhaa nao nchini Kenya hautozwi kwa kufuata bei ya chupa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwishoni mwa 2024, hutegemea wingi wa kileo kilichomo. Kwa hivyo, katika chupa ya bei ya chini kabisa, pesa nyingi za mnunuzi hulipia kioo, safari na ushuru, na zinazobaki kwa ajili ya mvinyo wenyewe ni kidogo mno. Akiongeza kiasi kidogo juu ya bei hiyo, karibu nyongeza yote huenda katika mvinyo. Akiendelea kupanda hadi bei za juu sana, faida hiyo hupungua tena, kwa kuwa sasa analipia jina na uhaba. Hekima kwa anayeanza ni kusimama katikati, akiepuka rafu ya chini kabisa na ile iliyofungwa kwa kufuli.

Maneno ya kifahari yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu yasimbabaishe. Neno "Reserva" lina maana ya kisheria Uhispania, ambako mvinyo mwekundu wa daraja hilo hukaa angalau miaka mitatu kabla ya kuuzwa, mwaka mmoja kati ya hiyo ukiwa ndani ya pipa la mwaloni. Katika nchi nyingine nyingi, maneno yanayofanana na hilo ni mapambo ya mwenye kiwanda. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni ushahidi bora zaidi. Kwa mvinyo mweupe wa bei ya kawaida, chupa yenye zaidi ya miaka mitatu na irudishwe rafuni. Ikumbukwe pia kwamba zabibu za Afrika Kusini na Chile huvunwa kati ya Januari na Aprili hivi, ilhali za Ulaya huvunwa kuanzia Agosti hadi Oktoba. Chupa mbili za mwaka mmoja zaweza kupishana kwa nusu mwaka.

Dukani penyewe, macho yatumike kabla ya pochi. Chupa iliyowekwa dirishani kwenye jua, au chini ya taa kali kwa miezi, isinunuliwe hata ikipunguzwa bei. Hasa ikiwa ni ya kioo kisicho na rangi. Kizibo kilichosukumwa juu, au alama ya unyevu unaonata shingoni, ni dalili kwamba mvinyo ulipata joto ukapanuka. Kifuniko cha kuzungusha si ishara ya uduni, kwani chupa nyingi nzuri za Afrika Kusini sasa hufungwa hivyo, na huepuka ile kasoro ya kizibo inayoupa mvinyo harufu ya katoni iliyolowa maji. Stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya sharti iwepo, na inaweza kukaguliwa kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Chupa isiyo na stempu, inayouzwa kwa bei ya kushangaza nyuma ya duka, huenda ni ya magendo au bandia.

Baada ya kununuliwa, chupa zisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani wakati mwenyewe akiendelea na shughuli nyingine mjini. Saa mbili za joto la ndani ya gari zaweza kuharibu kile ambacho meli na bohari vilikihifadhi kwa miezi.

Nyumbani, mvinyo una maadui watatu: joto, mwanga na hewa. Mahali pabaya kupita pote ni juu ya friji, pakifuatwa na kabati iliyo karibu na jiko, kisha ile kabati ya vioo ya sebuleni. Limuru au Nyeri, sakafu ya kabati ya nguo katika chumba kisichopata jua yatosha kabisa. Nairobi pia, kwa miezi kadhaa. Mombasa, Kisumu na Garissa mambo ni mengine. Huko joto la chumba hupita nyuzi 25 sehemu kubwa ya mwaka, na chupa zote sita, nyekundu kwa nyeupe, ni heri zikae friji. Zenye kizibo cha mti zilazwe ili kizibo kisikauke na kuingiza hewa. Zenye kifuniko cha kuzungusha zaweza kusimama.

Kauli kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba imewapotosha wengi. Ilizuka Ulaya, katika nyumba za mawe zilizokuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mombasa chenye nyuzi 30 hufanya kileo kipande puani na ladha ya matunda kupotea. Nyekundu iingizwe friji kwa nusu saa kabla ya wageni kufika. Nyeupe yataka nyuzi 8 hadi 12, na yenye mapovu iwe baridi zaidi ya hapo. Kuhusu vyombo, kizibuo kizuri kimoja na glasi sita zenye kikonyo na mdomo uliojikunja ndani kidogo vyatosha. Glasi isijazwe kupita nusu, ili harufu ipate nafasi. Nusu ya ladha ya mvinyo imo puani.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Glasi moja kama hiyo yenye kileo cha asilimia 14 ina mililita 21 za kileo halisi, kiasi kile kile kilicho katika chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2. Mtu aliyemaliza chupa ya mvinyo peke yake kwa hivyo amekunywa sawa na bia tano, hata kama ameketi kwenye kochi la ngozi na muziki wa taratibu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara yoyote kwa afya, na wajawazito hawapaswi kuonja hata kidogo. Chini ya sheria ya vileo ya 2010, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa, na mtoto asitumwe dukani.

Mwenyeji mwema huwa na cha kuwapa wasiokunywa, nao ni wengi: Waislamu, waumini wa makanisa mengi, wenye kutumia dawa, na yule atakayeendesha gari kurudi nyumbani. Wahudumiwe sharubati nzuri katika glasi zile zile, bila kuulizwa sababu.

Chupa iliyofunguliwa, nyeupe au nyekundu, ifunikwe tena na kuwekwa friji. Itadumu siku tatu hadi tano. Yenye mapovu hupoteza nguvu baada ya siku moja au mbili. Ule wa mfuko ulio ndani ya boksi hukaa wiki kadhaa, kwa kuwa mfuko hunywea na hewa haiingii, na kwa nyumba inayokunywa glasi moja Jumapili kwa Jumapili huenda huo ndio ununuzi wa busara zaidi. Mabaki ya nyekundu yaingizwe katika mchuzi wa ng'ombe mapema, vitunguu vikishakaangwa, nyama ipate muda wa kuiva nayo.

Sita za kwanza zikiisha, itaonekana ni ipi iliyomalizika mapema na ipi iliyobaki nusu hadi ikaishia kwenye mchuzi. Orodha ya pili iandikwe kwa kufuata hilo.